Transfoma ya Amplifaya ya Valvu Inachemka na Kukata Fyuzi: Imekufa Kweli?

*Swali: Shikamoo fundi. Marehemu baba aliniachia amplifaya ya valvu aliyokuwa akipigia gitaa. Ina valvu za EL84 mbili, ECC83 mbili na EZ81 moja, na nyuma imeandikwa 220V. Ilikaa stoo hapa Kirumba, Mwanza, miaka mingi. Nilipoiwasha iliunguruma, baada ya dakika chache transfoma ikawa haishikiki kwa joto, ikatoa harufu ya kuungua, fyuzi ikakata. Fundi wa mtaani akaweka fyuzi ya ampea 5, ikawaka kidogo, moshi ulipoanza akazima. Akapima kwa mita, akasema transfoma imekufa kwa sababu tatu: waya za hita zinasoma shoti, praimari inasoma ohm 25 tu, na upande wa volti kubwa nusu moja ni ohm 62 na nyingine 71. Anataka aniwekee transfoma ya UPS. Nimkubalie?*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzee. Usimkubalie, angalau si leo. Inawezekana transfoma imekufa kweli, lakini katika zile sababu tatu hakuna hata moja inayothibitisha hilo. Namba zote alizokusomea zinaweza kabisa kuwa za transfoma nzima. Mimi kinachonitia wasiwasi zaidi ni ile fyuzi ya ampea 5.

Tuanze nayo. Hita za valvu zako zote (nyuzi ndogo zinazozipasha joto) kwa pamoja zinakula kama ampea 3 kwa volti 6.3, yaani wati 20. Upande wa volti kubwa unaongeza wati 30 hadi 40 na ushei. Jumla haifiki wati 70, na kwa umeme wetu wa volti 230 hiyo ni kama ampea 0.3. Fyuzi inayoifaa ni ya ampea 1, ile ya polepole inayovumilia kishindo cha kuwasha. Fyuzi ya ampea 5 inaruhusu zaidi ya wati 1,100, umeme wa kuendeshea pasi, upite kwenye waya uliokusudiwa kubeba chini ya nusu ampea. Hapo transfoma ndiyo itakayoungua huku fyuzi imekaa salama. Na usijifariji na fyuzi ya ndani ya plagi, maana mara nyingi ile ni ya ampea 13 na iko pale kuulinda waya unaotoka kwenye plagi kwenda kwenye kifaa. Itoe hiyo ya ampea 5 kabla hujafanya jambo lingine lolote.

Sasa hizo namba. Waya wa hita ni mnene na una mizunguko ishirini na kitu tu, kwa hiyo ni lazima usome karibu na sifuri. Gusanisha ncha za mita yako zenyewe kwa zenyewe uone: mita nyingi zitakuonyesha 0.2 au 0.3 kabla hujapima chochote. Halafu kama valvu zilikuwa bado kwenye soketi, alikuwa anapima na nyuzi zao pia, ambazo zikiwa baridi zina ohm chache mno. Nusu mbili za volti kubwa kutofautiana, 62 kwa 71, ni jambo la kawaida kabisa. Nusu moja imesukwa ndani karibu na chuma, nyingine imesukwa juu yake. Mizunguko ni ileile, ila ule wa juu unazunguka tumbo kubwa zaidi, hivyo unakula waya mrefu zaidi. Zikisoma sawasawa kabisa ndipo ningeshangaa kidogo.

Praimari (waya unaopokea umeme wa ukutani) ya ohm 25 ndiyo inayowababaisha wengi, kwa sababu ukigawa 230 kwa 25 unapata ampea 9, na mtu anasema basi hiyo ni shoti. Hesabu hiyo ingekuwa kweli kama ungeiunganisha na betri. Kwenye umeme wa kupanda na kushuka mara 50 kwa sekunde, kinachozuia mkondo ni usumaku. Umeme unapoingia, chuma kinapata usumaku, na usumaku huo unapobadilika unazaa volti kinyume ndani ya waya uleule, karibu sawa na zile zinazoingia. Kinachobaki kupita ni kidogo sana. Transfoma ya ukubwa huu ikiwa nzima na haijabebeshwa chochote haivuti hata ampea 0.1.

Na hapa ndipo unapoona kwa nini mita peke yake haiwezi kukuambia ukweli. Tuchukue transfoma kama yako: tuseme ina mizunguko mitatu na nusu kwa kila volti, na upande wa volti kubwa ni 300 na 300. Hiyo ni mizunguko 2,100, jumla ya ohm 133. Vanishi inayoutenga waya ikichubuka na mzunguko mmoja ukajigusa, ohm zitapungua kwa 0.06. Mita gani ya dukani itaona hilo? Lakini ndani ya ule mzunguko mmoja kuna volti 0.28 zinazozunguka kwenye ohm 0.06, na hizo ni ampea 4 na zaidi kwenye waya wa kubeba sehemu ndogo ya ampea moja. Joto lake ni wati moja na kitu. Unaweza kuona ni dogo, ila lote limejikusanya mahali pamoja, linakaanga vanishi ya jirani, jirani naye anagusana na mwenzake. Ikifika mahali tabaka moja la waya limegusa tabaka la juu yake, mizunguko mia mbili au tatu inakuwa shoti kwa mpigo, na hapo unazungumzia mamia ya wati. Ndiyo transfoma inayotoa moshi hata ukiwa umeng'oa kila kitu.

Neno hilo la mwisho ndilo kipimo chenyewe. Transfoma isiyo na mzigo haina sababu ya kuchemka. Ikichemka ikiwa peke yake, ni yenyewe. Ikichemka ikiwa na mzigo tu, mlaumu mzigo. Katika amplifaya za valvu zilizokaa stoo, mimi huanza kuushuku mzigo, na dalili zako zinaniunga mkono: ule muungurumo ni lugha ya kapasita za kuchuja. Ndani yake kuna karatasi ya aluminiamu yenye ngozi nyembamba inayozuia umeme. Kapasita ikikaa miaka bila volti, ngozi ile inadhoofika. Siku unayoiwasha ghafla inavujisha mkondo mwingi, EZ81, valvu inayogeuza umeme wa kupanda na kushuka uwe wa upande mmoja, inalazimika kuusukuma mkondo huo, na transfoma inaubeba wote.

Kabla hujafungua, nisikilize vizuri. Mle ndani kuna volti 300 hadi 400, na kapasita zikiwa nzima zinaweza kuzishika hata baada ya kuchomoa plagi. Chomoa, subiri, kisha zitoe umeme kwa rezista ya kilo-ohm 10 ya wati 5 iliyofungwa kwenye waya wenye plastiki, upande mmoja kwenye chesisi (bati la chuma linalobeba vifaa vyote), mwingine kwenye chanya ya kapasita. Usitumie bisibisi kama wafanyavyo wengine. Pima mpaka mita ionyeshe chini ya volti 10. Mkono mmoja ukae mfukoni, viatu miguuni, na mtu mzima awepo ndani ya nyumba. Kama haya yanakutisha, hakuna aibu: ruka kazi ya mikono, soma ili ujue cha kumdai fundi.

Tazama kwanza kwa macho na pua. Amplifaya nyingi za huku kwetu ukizifungua unakuta wadudu wa ziwani, wale wanaokuja kama wingu la moshi jioni, wamekauka safu nzima juu ya transfoma na kwenye soketi za valvu. Hao na vumbi wakipata joto wananuka kuungua vizuri tu, na nimeona transfoma nzima ikihukumiwa kwa harufu ya wadudu. Wafagie kwa brashi kavu. Kisha angalia karatasi inayofunika waya wa transfoma. Ikiwa na rangi ya chai ya rangi tu, ni uzee. Ikiwa nyeusi, inakatika ukiigusa, au kuna nta au lami imechuruzika hadi kwenye chesisi, hiyo imeshapikwa. Angalia pia kama kuna kapasita ndogo ya karatasi imefungwa pale umeme unapoingia. Hizo huwa mbovu zikizeeka, na nyingine hupeleka umeme kwenye chesisi. Itoe. Ukitaka kuirudishia, weka ya kisasa iliyotengenezwa maalumu kukaa kwenye umeme wa ukutani.

Halafu tengeneza taa ya mfululizo, kifaa cha bei ndogo kuliko vyote na chenye msaada kuliko vyote. Unahitaji kishikio cha glopu, soketi na kipande cha waya. Waya wa moto upite kwanza kwenye glopu, ndipo uingie kwenye amplifaya. Lazima iwe glopu ya zamani ya waya, wati 60 au 100. LED na zile za kuokoa umeme hazifai hata kidogo. Ukizikosa madukani waulize wafuga kuku, bado wanazitumia kulea vifaranga. Amplifaya ikiwa na shoti, glopu inawaka kwa nguvu na kuumeza umeme wote, hakuna kinachoungua. Ikiwa salama, glopu inafifia.

Toa valvu zote, pamoja na EZ81. Washa kupitia glopu. Ikimulika mara moja kisha ikazima au ikabaki na wekundu wa kuotea, hiyo ni habari njema sana. Ikiwaka kwa nguvu, usikate tamaa bado. Kuna waya za hita zinazoweza kuwa zimegusana, kuna taa ndogo ya mbele, na kuna uwezekano kwamba mtu aliwahi kufunga dayodi, kifaa kidogo kinachofanya kazi ileile ya EZ81, chini ya soketi yake, kwa hiyo kung'oa valvu hakujakata kitu. Piga picha kwa simu, fungua sekondari zote (nyaya zinazotoa umeme kwenye transfoma) kwenye maungio yake, kila ncha izibe kwa tepu peke yake, kisha jaribu tena. Glopu ikiendelea kuwaka kwa nguvu wakati hakuna kilichobaki isipokuwa praimari na umeme, basi mjadala umekwisha: mizunguko imegusana ndani, na yule fundi alikuwa sahihi kwa sababu zisizo sahihi.

Glopu ikiwa imezima, pima volti huku sekondari zikiwa wazi. Hita itasoma 6.8 au hata 7 badala ya 6.3. Usishtuke, itashuka ikipata mzigo. Upande wa volti kubwa, pima kila nusu kutoka waya wa kati. Hapa ndipo kipimo kilichokosewa kinaporekebishwa: ohm zinaweza kutofautiana, volti hazitakiwi. Nusu moja ikisema 325, nyingine isiachane nayo kwa zaidi ya volti chache. Zikiachana kwa 20 au 30, kuna mizunguko imekufa upande mdogo.

Ikipita hapo, toa glopu, weka fyuzi ya ampea 1, iache transfoma peke yake kwenye umeme kwa saa nzima ukiwa karibu. Usiondoke kwenda sokoni. Kila baada ya dakika kumi chomoa, weka kiganja. Uvuguvugu ni sawa. Ikianza kuunguza mkono bila mzigo wowote, ule mzunguko mmoja niliousema unafanya kazi yake kimyakimya. Kipimo hiki cha joto ndicho kinachomkamata yule anayejificha kwenye mita na kwenye glopu pia.

Kuna jambo moja mita ya kawaida haiwezi kabisa: kupima kama waya unavuja kwenda kwenye chuma. Mita inatumia volti chache, wakati uvujaji unajitokeza kwenye mamia. Hapo inatakiwa mega, mita ya kupima uvujaji, ya volti 500, na mafundi wa kusuka mota wanayo. Pima kati ya praimari na chuma, sekondari na chuma, na praimari na sekondari. Ningependa kuona makumi ya megaohm. Ikisoma moja au mbili, kumbuka kifaa kilikaa miaka mwambao wa ziwa na karatasi imenyonya unyevu. Iweke kwenye boksi na glopu inayowaka siku moja mbili, upime tena. Ikipanda, ilikuwa maji tu. Isipopanda, usiitumie hata kama inacheza muziki, kwa sababu waya wa umeme ukigusa chesisi, nyuzi za gitaa nazo zimegusa.

Tuseme imefaulu yote, na mimi naipa nafasi nzuri. Rudi kwenye glopu ya wati 100. Rudisha valvu zote isipokuwa EZ81, uone hita zikiwaka. Kabla ya kuirudisha EZ81, ipime ikiwa baridi: kati ya pini 3 na pini 1, na kati ya 3 na 7, mita isisome kitu kabisa. Ikisoma chochote, itupe. Kapasita za kuchuja usizihurumie, badilisha zote kwa mpya za volti 450, ila ya kwanza baada ya EZ81 isizidi mikrofaradi 50. Mafundi waliozoea redio za kisasa wanapenda kuweka 220 wakidhani wanapunguza muungurumo, kumbe wanaua EZ81. Ukiwasha, tazama EL84, zile valvu zinazosukuma spika, kwenye giza. Bati lake la ndani likiwa jekundu, zima mara moja. Mara nyingi ni kapasita ndogo inayoleta sauti kutoka kwenye ECC83 inavujisha. Pima pini 2 ya EL84 kwenda chesisi: iwe sifuri au karibu yake. Ukiona volti chanya hapo, kapasita hiyo ndiyo imekuwa ikiichosha transfoma yako.

Kuhusu ile alama ya 220V: umeme wetu ni 230, na usiku watu wakilala kuna mitaa unafika 240 na kupita. Kwa transfoma ya 220 hiyo ni ziada ya asilimia 9, hita zinakaribia 6.9, na chuma kinakaribia kushiba usumaku, jambo ambalo lenyewe linaongeza joto. Angalia kama kuna kiteuzi cha volti au waya wa ziada wa 240 umefichwa kwenye praimari. Ukiwepo, hamia huko.

Na kama imekufa kweli? Transfoma ya UPS isahau. Imetengenezwa kutoa volti 12 au 24 kwa mkondo mkubwa. Haina 300 na 300, haina 6.3, na hakuna ujanja wa kuilazimisha. Unabaki na njia mbili. Ya kwanza ni kuagiza transfoma ya amplifaya ya EL84 mbili kutoka nje. Ni ya uhakika, lakini chuma ni kizito na usafirishaji unaweza kuzidi bei yake. Hakikisha tu praimari ni ya 230 au 240 kwa hezi 50, maana ile ya Marekani ya 117 kwa hezi 60 itachemka hata ukiitafutia ya kushushia volti.

Ya pili ni kusuka upya, na binafsi ndiyo ningeanza nayo. Mwanza ina wasukaji hodari, lakini wengi ni wa mota za mashine za kusaga na pampu za maji, na mota inasamehe mambo ambayo transfoma hii haisamehi. Muulize kama atapanga waya tabaka kwa tabaka na karatasi kila tabaka. Akikuambia atausokota tu ujae, shukuru uondoke, kwa sababu mwanzo na mwisho wa volti 600 vikilala jirani, baada ya mwezi mtaonana tena. Mwambie ahesabu mizunguko ya zamani wakati wa kufumua. Waya wa hita mara nyingi uko juu kabisa na ni rahisi: tuseme amekuta 23. Ukiwa wazi unatoa kama volti 6.6, hivyo ni mizunguko mitatu na nusu kwa volti, na hesabu nyingine zote zinatoka hapo. Bati za chuma zenye umbo la E na I zirudi kwa kupishana, moja huku moja kule, zisiachwe hata chache mezani. Mwisho ichovywe vanishi na kukaushwa kwa joto, la sivyo itaunguruma na kunyonya unyevu.

Mpelekee mtu ana kwa ana, bila kujaribu tena nyumbani, kama chesisi imewahi kukupiga shoti, kama umeona moshi ukitoka kwenye transfoma yenyewe wala si chini ya chesisi, au kama waya wake wa umeme ni wa nyaya mbili tu na hujui kufunga wa ethi (wa kupeleka umeme ardhini). Tafuta fundi aliyewahi kushika valvu. Wazee waliotengeneza redio na vyombo vya bendi za dansi bado wapo, na ukikosa kabisa nenda kawaulize walimu wa umeme pale VETA Nyakato. Swali la kumpima fundi yeyote ni moja: muulize atajuaje kama ni transfoma au ni kapasita. Akichukua mita na kuanza kusoma ohm bila kung'oa valvu hata moja, beba amplifaya yako.